Kitambaa Chekundu Kilichonifikisha Nyarugusu

Nyahanga, Kahama, uani kwetu

Siku simu ilipoingia tulikuwa uani watu wanne: mimi Kabula, wadogo zangu mapacha Kulwa na Doto, na Mama Neema, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye hakuitwa lakini hajawahi kusubiri kuitwa. Nawataja wote kwa sababu pale kwenye mashine ya mpunga ninakopepeta mchele nimeshasikia kwamba siku hiyo walikuwapo pia mchungaji, balozi wa nyumba kumi na mjomba wetu wa Mwadui. Hawakuwapo. Mjomba wa Mwadui hajawahi kuwapo siku yoyote tuliyomhitaji, na siku hiyo hakuona sababu ya kubadili tabia. Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila niliyemjibu ameongeza chumvi yake. Juzi nimeambiwa kwamba niling'atwa na nyoka. Kwa hiyo naandika mara moja, ndugu na majirani, msome wote.

Aliyekosekana uani ni Shija, wa mwisho wetu. Ninyi mnamjua, mmembeba mgongoni. Shija alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha shule darasa la sita kwa sababu ilibidi pawe na mtu nyumbani wa kujua saa ya dawa. Alikunywa za maji, akameza za vidonge, akaota ndevu, na mwaka jana akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Nimemwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alisema, "Andika, Dada, ila usinifanye nilie." Sawa. Humu ndani Shija halii.

Simu ilikuwa ya mwanamume nisiyemjua, sauti nzito, ya mtu aliyekula vumbi.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, kisha nikasikia aibu, maana alikuwa mtu mzima kuliko mimi.

"Mimi nachimba na mdogo wako. Namba nimeiiba kwenye simu yake akiwa chini. Anakohoa. Na ana kikopo anachokificha ndani ya buti. Zamani kilikuwa kinalia akikitikisa. Siku hizi anakitikisa, hakilii."

Akakata. Mama Neema akauliza, "Ni mchumba?"

Habari za kliniki nazipita. Foleni ya kliniki mnaijua na haina jipya. Walinipa vidonge vya kusogeza siku na wakanieleza vizuri, bila kunikaripia, kwamba kumpelekea kikopo hakutoshi. Mtu aliyeacha dawa lazima aonwe yeye mwenyewe, popote palipo na huduma, apimwe damu ijulikane virusi vimepanda kiasi gani, na hicho kikohozi kichunguzwe. Hapo ndipo safari ilipozaliwa. Mama alianza kwa kikohozi. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka kilivyoanza, na sikuwa tayari kukisikia tena kupitia simu ya mtu mwingine.

Kikopo nilikizungushia khanga kuukuu, nikakifunga kwa kitenge changu kipya cha maua ya njano. Kumbukeni hicho kitenge. Sijakiona tena.

Kahama mpaka Ushirombo

Basi la Geita lilitakiwa kuondoka alfajiri. Liliondoka jua likiwa limeshatuchoma, kwa sababu utingo alikuwa anatafuta abiria wa mwisho, na kila akimpata anagundua kwamba si wa mwisho.

Aliyeketi kando yangu alikuwa kijana wa mradi. Nilimjua kwa kizibao: mifuko mingi mbele, mifuko mingine juu ya hiyo mifuko, na kila mfuko mtupu. Gari lao lilikuwa limeharibika, na alikuwa anasikitika kupanda basi kana kwamba amefiwa.

"Tunakwenda kupanua huduma," aliniambia bila kuulizwa. "Kinga, matunzo na msaada. Kwenye machimbo."

"Hongereni. Zilikuwa nyembamba?"

Hakucheka. "Tunawafuata walengwa huko huko waliko, mama. Wachimbaji ni kundi maalumu."

"Mnawafuata saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi tunafungua hema."

"Saa nne si wako chini ya ardhi?"

Aliangalia dirishani kidogo. "Ratiba inatoka juu," alisema.

Wao wako chini, ratiba inatoka juu, na katikati hapo kuna hema. Nilimpa michembe, viazi vitamu vikavu nilivyochemsha nyumbani, na karanga zake, maana hata mtu wa mradi hula. Alianza kwa kusema kwamba hali vyakula vya njiani, akaendelea kwa kusema atajaribu kipande, akamaliza kwa kuuliza kama kuna mingine. Tulipofika Ushirombo akanunua maji ya chupa, moja, akayanywa yote, kisha akafungua begi akanigawia kipeperushi. Kilikuwa na picha ya familia inayocheka. Wote walikuwa na meno mazuri.

"Na wewe, mama, unakwenda wapi?"

"Kumsalimia mdogo wangu."

"Mhamasishe naye aje hemani. Wachimbaji hawana mwamko kabisa."

Nikakibana kikopo mapajani. Mtu niliyekuwa namtafuta alikuwa amemeza dawa tangu hajajua kutamka neno dawa. Kama ni mwamko, alianza nao kabla ya kuota meno.

Pazia la mkwe

Mbele kidogo ya Runzewe basi lilisimama porini. Kando ya barabara alikuwa amesimama mama mmoja mzee na kuku wake wawili na gunia la viazi. Dereva alipomwona alizima gari, akafungua mlango wake, akaruka chini na kukimbilia nyuma ya basi. Abiria wa mbele wakapiga kelele wakidhani breki zimekufa.

"Tulieni," alisema utingo. "Ni mkwewe."

Msiojua mila zetu za Kisukuma, jueni hivi: mwanamume na mama wa mke wake hawakai karibu, hawapitani mlangoni, hawatazamani usoni. Ni heshima. Sasa huyu mkwe alitaka kwenda Katoro, na basi lilikuwa hilo, na dereva alikuwa huyo. Ikabidi kikao. Dereva, akiwa amejificha nyuma ya gurudumu, alituma salamu kupitia kwa utingo. Mkwe, akiwa ameangalia upande wa pili, alizipokea kupitia kwa utingo na kuuliza habari za wajukuu kupitia kwa utingo. Wajukuu walikuwa wazima, na mmoja ameota jino. Hilo nalo likapita kwa utingo. Basi zima tukapata habari za jino.

"Apande, akae nyuma kabisa," dereva alimwambia utingo.

"Nyuma kumejaa viroba."

"Basi weka pazia nyuma ya kiti changu."

Utingo akaingia, macho yanatafuta nguo. Yakatua mapajani kwangu. "Dada, kitenge hicho, mpaka Katoro tu. Usimwaibishe mwanamume."

Ningefanyaje? Basi zima lilikuwa linanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeozesha. Nikakifungua. Ili kikopo changu kisibaki na khanga iliyochanika, utingo akanipa kitambaa chekundu, kile wanachofunga kwenye mzigo unaochomoza nyuma ya gari. Nikafungia hicho. Kitenge changu kikatundikwa nyuma ya dereva, mkwe akapanda, dereva akazunguka akapanda upande wake, na tukaenda Katoro, heshima ikiwa salama nyuma ya maua yangu ya njano.

Katoro nilishuka upande mmoja kuchukua begi, na basi likaondoka upande wa pili. Mkwe alishuka. Kitenge hakikushuka. Naambiwa sasa kinaendesha maisha yake Geita.

Katoro mpaka Nyarugusu, kwenye magogo

Nililala Katoro, asubuhi nikatafuta usafiri. Palikuwa na lori la magogo, yale ya kukingia kuta za mashimo yasiporomoke. Wanaume walikuwa wameshapanda juu. Nikaomba nafasi, na wa kwanza akaanza kusema, "Mama, hapa hapafai kwa..." kisha macho yake yakaangukia kifurushi changu. Akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Mwenzake akavua kofia.

Dereva wa lori alishuka. "Mwangaluka, mama," alinisalimu Kisukuma, amepinda mgongo. "Wewe utakaa mbele. Na hicho sitakigusa. Kishike mwenyewe."

Nilidhani ni adabu ya watu wa Katoro, nikafurahi. Tulipokwenda mwendo kidogo akaanza kunizunguka kwa maneno.

"Mama umetoka mbali?"

"Kahama."

"Ee. Kahama wana nguvu."

"Wana mchele," nilisema.

Alicheka cheko la mtu anayejua zaidi ya alichoambiwa. Baadaye akasema kwamba ana wake wawili na tangu apate wa pili lori linapasuka matairi ya upande wa kushoto tu, na angefurahi kupata mawazo ya mtu mwenye upeo. Nikamwambia apunguze magogo upande wa kushoto. Alikubali kwa kichwa taratibu na kurudia maneno hayo kwa sauti ndogo ili asiyasahau.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanamke peke yake, hakiachii kifurushi chake, kifurushi chenyewe kimefungwa kitambaa chekundu, na amekaa kimya. Kwenye machimbo yote hakuna mtu wa namna hiyo ila mganga aliyeitwa kuamsha dhahabu iliyolala.

"Kaka, mimi si mganga," nilimwambia.

"Najua, mama," alisema kwa heshima kubwa. "Wenyewe hawasemagi."

Nikakana tena, akazidi kuamini. Ningekana mara ya tatu angenipa lori. Nikanyamaza, nikala mhogo wa kuchoma alioninunulia njiani, wangu ukiwa mkubwa kuliko wake.

Nyarugusu, siku ya mgao

Kumtafuta mtu kwenye machimbo kwa jina alilopewa na wazazi ni kupoteza viatu. Nikasema natafuta Shija. Hakuna. Nikasema ametoka Kahama.

"Kahama yupi?" aliniuliza mama mmoja mpika ugali. "Tuna Kahama Mrefu, Kahama Mdeni na Kahama Kimya."

"Huyo wa kimya."

"Basi sema hivyo tangu mwanzo. Yuko duarani, leo wana mgao."

Duara ni shimo la kuchimbia na kundi lake zima la watu. Wachimbaji hawalipwi mshahara. Wanachimba miezi, wanalishwa, na mawe yakishapanda juu ndipo yanapogawanywa. Siku ya mgao kila mtu anakaa palipo mawe. Ukiondoka kabla ya fungu lako kutengwa, umeondoka, na miezi yako imekwenda na wewe. Ni sheria isiyoandikwa popote, na haijawahi kuvunjwa na mtu aliyebaki na meno yake.

Na siku hiyo hiyo, uwanjani, ng'ambo tu ya mashine za kusagia mawe, lilikuwa limesimama hema jeupe. Juu yake kitambaa kirefu kimeandikwa kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa Geita: PIMA VIRUSI VYA UKIMWI HAPA, PATA DAWA HAPA. Muziki ulikuwa unapigwa. Kijana wangu wa kizibao alikuwa ameshika kipaza sauti, anawaita wachimbaji kwa majina mazuri, walengwa wetu wapendwa, na mbele yake walikuwa wamepanga foleni watoto wa shule na wauza nyanya, wakisubiri fulana. Mchimbaji hata mmoja hakuwapo. Miezi yao yote ilikuwa imelala chini kwenye viroba, na mtu alitaka waiache wakajipange chini ya lile bango.

Shija nilimkuta amekaa juu ya mawe. Alikuwa amekonda hadi masikio yamekuwa makubwa. Aliponiona alisimama, akakohoa, akakaa.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Dawa unazo?"

"Ninazo."

"Nipe buti lako."

Akatazama chini. Kando yake mwanamume mwenye mvi kidevuni, ameshika kamba ya duara, akajifanya anahesabu mawingu. Nilimjua kwa ule uzito wa sauti alipokohoa: ndiye wa simu. Wenzake walimwita Tajiri Kesho, na kwa nguo alizovaa jina lilimfaa sana upande wa kesho.

"Kwa nini, Shija?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Zahanati ya hapa benchi liko barabarani, Dada. Ukikaa, mpaka mpika ugali anajua. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Halafu nikaona aibu kwamba sikwenda. Halafu nikaona aibu ya ile aibu."

"Shuka twende hemani."

"Nikishuka, fungu langu limekwenda."

"Na wewe ukienda kama alivyokwenda mama?"

"Dada, usinifanyie hivyo mbele ya watu." Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. "Ngoja mgao uishe."

"Mgao unaisha lini?"

Tajiri Kesho alijibu badala yake. "Jioni, wakielewana. Wakigombana, kesho. Na hao wa hema wanafunga saa tisa. Ratiba."

Yenyewe inatoka juu, nikakumbuka. Nilikuwa nimesimama pale na kikopo mkononi, mdogo wangu hatua chache kutoka kwa muuguzi, na kati yao sheria mbili zisizojuana.

Wakati huo msimamizi wa duara alikuwa anakuja. Mzee Ngassa, tumbo mbele, fimbo nyuma. Wanawake hawatakiwi karibu na duara; wanasema dhahabu hukimbia. Ugali wanaoupika wanawake hao hao haiukimbii, unashuka shimoni kila mchana na hakuna anayeulalamikia. Nilijiandaa kufukuzwa. Badala yake Mzee Ngassa alisimama mbali, akaweka fimbo chini.

"Karibu, mama. Dereva wa magogo ametuambia. Tungejua unapita leo, tungekupokea."

Alikuwa anakitazama kitambaa chekundu. Na nyuma yake duara zima lilikuwa limeacha mawe, linakitazama nalo.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mimi ni Mkristo, naimba sauti ya pili, ninyi mnajua. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa ndani ya kile kitambaa. Nikisema hii si dawa ya dhahabu, swali linalofuata ni dawa ya nini, na ya nani. Nikamtazama Shija. Alitikisa kichwa kidogo tu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiona nimeshika kijiko cha ile dawa chungu mbele ya wageni.

Nikafunga mdomo.

"Mama hapendi maswali," alisema Tajiri Kesho, bila hata kugeuka.

"Hatuulizi," alisema Mzee Ngassa haraka. "Aseme tu anahitaji nini. Mbuzi? Kuku mweusi tunaye."

"Kuku mwacheni," nilisema. "Namhitaji huyu." Nikamwonyesha Shija. "Naondoka naye, nitamrudisha. Fungu lake lisiguswe mpaka arudi."

Mtu mmoja alikimbia kuzima mashine ya kusaga. Kisha Mzee Ngassa akasema, "Nani atashika nafasi yake?"

"Mimi," alisema Tajiri Kesho. "Likiguswa, nikatwe langu."

"Basi aende."

Serikali, mradi, kipaza sauti na fulana zilikuwa zimeshindwa tangu asubuhi kumtoa mtu mmoja pale juu ya mawe. Kitambaa cha kufungia mizigo kilimtoa kabla sijamaliza kumeza mate.

"Na sisi, mama?" aliuliza mmoja wao alipoona naelekea uwanjani. "Na sisi twende hemani?"

Nakiri ulimi uliniwasha. Ningesema ndiyo, wangekwenda wote na Mzee Ngassa mbele. Lakini damu ya mtu haichukuliwi kwa vitisho vya mganga, tena mganga wa bandia. "Pale kuna wauguzi," nilisema. "Anayetaka kujua hali yake aende kwa kutaka kwake. Mimi simtumi mtu."

Walitazamana. Nasikia hayo ndiyo maneno ya kina kuliko yote niliyosema siku ile.

Hemani

Hatukupitia mbele. Nilizunguka nyuma, ambako muuguzi mmoja, mama wa makamo, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anakunywa chai. Nikamweleza kwa maneno machache. Hakuuliza mbona aliacha, hakutikisa kichwa. Alimwambia Shija, "Karibu tena," kama mtu aliyerudi kutoka safarini, akamwingiza mbele ya gari lao, akafunga vioo, akamtoa damu hapo hapo kwenye kiti cha dereva. Akachukua na makohozi. Kikopo changu alikikagua, akaongeza kingine.

"Lile bango," nilimwambia.

"Nimeshasema," alijibu. "Mara tatu. Walisema kubwa zaidi ndiyo huduma zaidi." Kisha kwa Shija: "Mimi napita hapa na pikipiki siku za soko, sina bango. Nakaa kwa fundi cherehani. Ukija, umekuja kushona suruali."

Shija alimeza kidonge chake cha kwanza baada ya muda mrefu kwa chai ya yule muuguzi. Nilimtazama koo. Nimelitazama hilo koo likimeza tangu lilipokuwa na upana wa kidole changu, na naomba msinicheke, lakini nilishusha pumzi kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa shimoni.

Tulipotoka, kijana wa kizibao akatuona. "Mama michembe! Umehamasika!" Alikuwa na fulana mkononi na simu ya kupigia picha. "Kijana avae hii, tupige moja. Ya ripoti."

"Amekuja kunisindikiza chooni," nilimwambia.

Aliishusha simu. Nyuma yake walikuwa wametokea wachimbaji wachache, wawili wa duara la Mzee Ngassa, walioshikiwa nafasi na wenzao, na wengine nisiowajua, wamesimama kwa mashaka, wananitazama mimi kwanza kabla ya kutazama hema. Kijana aligeuka, akawaona, akang'aa uso. Akaniambia, "Unaona? Kipaza sauti kinafanya kazi."

Sikumnyang'anya furaha hiyo. Ana mabosi wa kuwajibu.

Mgao, na kurudi

Fungu la Shija tulilikuta limeshatengwa, halijaguswa. Tajiri Kesho alikuwa amekaa juu yake, miguu ameitandaza kulizunguka kama kuku anayeatamia. Walimalizia kugawana bila kugombana, wakiogopa kugombana mbele yangu, na Mzee Ngassa alinisindikiza mpaka barabarani akinisihi nipite tena msimu ujao. Kitambaa nilimwachia. Alikipokea kwa mikono miwili. Kama mkisikia duara lile limepata dhahabu, ni kwa jasho lao, lisipopata, msinitaje.

Tajiri Kesho alinibebea begi hadi kituoni, Shija akiwa nyuma yetu anakohoa na kucheka na Kahama Mdeni.

"Wabeja," nilimshukuru. "Umetusaidia, sijui nikulipeje."

"Mimi najua." Aliliweka begi chini. "Mke wangu wa kwanza alikuwa na kikopo kama kile. Nilikikuta kwenye debe la unga akiwa ameshazikwa. Hakuniambia, na mimi tangu siku ile sijawahi kwenda kuuliza damu yangu."

"Miaka yote hiyo?"

"Nachimba. Chini hakuna anayekuuliza."

"Muuguzi yupo bado pale. Twende sasa hivi."

Alitazama uwanjani. Hema lilikuwa limeshavuliwa nguzo, limelala chini jeupe. "Leo hapana, Dada. Leo nimeogopa vya kutosha kwa niaba ya mdogo wako. Lakini siku nitakayokwenda kwa fundi cherehani, wewe uje ukae na mimi kwenye benchi. Shija hapana, huyu nataka aendelee kuniogopa. Wewe. Ulikaa kimya mbele ya watu wote ukambebea mdogo wako siri yake. Nataka mtu wa kukaa hivyo kando yangu. Hilo ndilo deni."

"Nimelikubali," nilisema, na tukapeana mikono.

Kurudi kulikuwa rahisi, ndiyo maana sina la kusimulia. Basi lilikuwa la dereva mwingine, asiye na wakwe barabarani. Shija sikurudi naye. Ni mtu mzima, ana kazi, na sasa ana fundi cherehani. Majibu ya makohozi yalionyesha hana kifua kikuu. Ya damu yalikuja mabaya kidogo, kama tulivyotarajia, na atapimwa tena. Kila jioni ananipigia, na badala ya salamu ananitikisia kikopo sikioni. Kinalia.

Jumapili hii amenipigia Tajiri Kesho. Alizungumza kuhusu mvua. Akazungumza kuhusu bei ya magogo, akaniuliza matairi ya Kahama yanapasuka upande gani. Nikamwacha azunguke. Mwisho akasema, "Dada, nimenunua shati. Jeupe. La siku ya fundi cherehani."

Mwenye mashine ya mpunga nimeshamwomba ruhusa. Akaniuliza ni nani anaumwa, nikasema sijui bado, na hajaelewa, lakini amesema niende mchele ukipungua. Kwa hiyo mkiniona nafunga tena kifurushi, msivumishe. Tajiri Kesho nimemwambia shati asilivae mpaka nifike.